Mchora Vivuli

Kazi yangu ni kuchora vivuli
vya majengo ambayo bado hayajazaliwa.
Nalipima jua la Toronto kwa digrii,
nalisimamisha tarehe ishirini na moja, mwezi wa tisa,
kisha naiuliza kompyuta: kitamwangukia nani?
Nayo hunijibu kwa rangi ya kijivu,
nyepesi, ya adabu,
kana kwamba kivuli hakina baridi.

Ghorofa arobaini na saba, barabara ya Dufferin,
pale palipokuwa na duka la matairi.
Winchi tatu zimeshasimama upande wa reli,
zinageuka polepole kama watu waliosikia wakiitwa.
Mji huu, ukifumba macho wiki mbili,
ukifumbua, mbingu imepungua.

Mkutano ulikuwa chini ya kanisa:
viti vya plastiki, birika kubwa la kahawa,
wenye nyumba na hasira zao zilizopigwa chapa.
Bi Deolinda Furtado alikuja na miwani tu.
Akaiinamia karatasi yangu, akaweka kidole.
"Hili doa, ni uani kwangu?"
Ni kwako, mama. Kuanzia saa nane na dakika kumi na nane
hadi saa kumi kasoro robo.
"Kila siku?"
Nikamwambia jua halikai mahali pamoja.
Akacheka. "Hilo nalijua. Anayekaa ni mimi."

Mzabibu wake ulitoka kisiwa cha Pico,
kijiti kilichofichwa ndani ya soksi, mwaka wa sabini na moja.
Marehemu Amadeu akaujengea kichanja kwa mabomba
aliyoyatoa kazini bila kumuaga mtu.
Alikuwa mmwaga zege. Minara ile ya benki, kule ziwani,
ndiye aliyeisimamisha, yeye na shemeji zake,
na kidole chake cha mwisho, mkono wa kushoto, kimo humo,
ghorofa ya thelathini na moja,
kimezikwa mwenyewe akiangalia.
"Kwa hiyo sisemi msijenge.
Mjukuu wangu Ivone analala chumba cha cherehani
na watoto wawili. Jengeni.
Ila lisogezeni, kidogo hivi,"
akausukuma mnara kwa ukucha
kama anayemsogeza mgeni kwenye benchi.

Mvumo, walinena wahenga, kivuli chake
huwafunika walio mbali.
Ndivyo na mnara: alalaye ghorofa ya arobaini
giza lake halioni kamwe.

Usiku ule niliugeuza digrii nne.
Hakuna aliyegundua.
Ua wa Bi Deolinda ukang'aa kwenye skrini,
na kijivu changu, kwa adabu yake ileile,
kikahamia bembea za chekechea, mtaa wa pili,
ambako hakuna aliyekuja mkutanoni,
maana wenyewe walikuwa na miaka mitatu, minne.
Nilikaa hapo hadi chai ikapoa.
Kisha nikahifadhi.

Sasa mnara upo. Asubuhi madirisha yake
hulichota jua na kulimwaga barabarani
kwa watu wasiolilipia kodi.
Tarehe ishirini na moja, mwezi wa tisa,
niliomba ruhusa, nikapanda treni
kwenda kukiona kivuli changu kikianguka.

Mvua.
Mawingu toka ziwani hadi mwisho wa macho,
mji mzima rangi moja, ile yangu.
Ghorofa za juu hazikuwepo kabisa.
Bi Deolinda alikuwa juu ya ngazi na mkasi,
kichwani kajifunga mfuko wa nailoni wa dukani.
Hakunikumbuka. Alidhani natafuta chumba.
Akanikatia kishada hivyo hivyo,
kikichuruzika maji.

Nilizila kituoni nikingoja treni, punje baada ya punje.
Zilikuwa chachu kidogo.
Au ndivyo zilivyo miaka yote;
sikumuuliza.